Mawe Yaliyookolewa, Lugha Iliyoachwa: Safari Katika Miji ya Kale ya Kusini mwa Ufaransa

Wengi wetu tunaofundisha Kiswahili katika nchi ambamo Kifaransa ni lugha ya ofisi tulilijua jina la Ufaransa darasani kabla hatujajua lolote juu ya nchi yenyewe. Tulifunzwa kuvinyumbua vitenzi vyake, tukakariri majina ya mito yake na wafalme wake, na tukaaminishwa kwamba Ufaransa ni nchi moja yenye watu wa namna moja, waliosema lugha moja tangu zamani. Katika makala haya twataka kumchukua msomaji katika safari fupi ya kusini mwa nchi hiyo, kutoka mto Gardon hadi ngome ya Carcassonne, tuyatazame majengo ya kale na tuulize swali moja: Je, ni nini kilichoyafanya mawe haya yadumu? Swali hilo litatufikisha kwenye jingine, ambalo kwa mwalimu wa lugha ni zito zaidi.

Daraja la maji

Safari yetu yaanzia penye mto Gardon, kaskazini-mashariki ya mji wa Nîmes. Hapo limesimama Pont du Gard, daraja ambalo Warumi walilijenga katika karne ya 1 baada ya Kristo, si kwa ajili ya kupitisha watu bali kwa ajili ya kupitisha maji. Mji wa Nîmes ulikuwa ukikua, na mafundi wakaenda kuyatafuta maji kwenye chemchemi iliyo karibu na Uzès. Kwa mstari ulionyooka umbali huo ni kiasi cha kilomita 20 tu, lakini kwa sababu ya vilima ilibidi mfereji uzunguke, hata urefu wake ukafika kilomita 50. La kustaajabisha ni kwamba katika mwendo wote huo mfereji hushuka kiasi cha mita 12 na nusu tu. Kosa dogo la kipimo lingetosha kuyasimamisha maji njiani.

Daraja lina safu tatu za matao, moja juu ya nyingine, na kimo chake chakaribia mita 49. Mawe ya safu mbili za chini yalichongwa na kupangwa yakashikana kwa uzito wake yenyewe, bila chokaa, na mengine yana uzito wa tani 6. Maji yaliacha kupita kiasi cha karne ya 6, wakati ambapo hapakuwa tena na watu wa kuusafisha mfereji uliokuwa umezibwa na magadi ya mawe yaliyoletwa na maji yenyewe.

Hata hivyo daraja halikufa. Watu wa zama zilizofuata waliligeuza kuwa kivuko. Walizikata sehemu za nguzo za safu ya kati ili wapate njia ya kupita, jambo ambalo lilikaribia kuliangusha. Kisha katika miaka ya 1743 hadi 1747 likajengwa daraja jingine la barabara, limegusana nalo ubavuni. Mwaka 1985 UNESCO ililiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Hapa twapata jibu la kwanza la swali letu: kitu kilichopoteza kazi yake ya awali chaweza kuokolewa na kazi ya pili.

Herufi zilizosomwa katika matundu

Tukiyafuata maji hayo twafika Nîmes. Katikati ya mji limesimama hekalu la Kirumi ambalo wenyeji huliita Maison Carrée, yaani Nyumba ya Mraba. Msomaji akiliona atastaajabu, maana jengo hilo si la mraba hata kidogo: urefu wake ni kiasi cha mita 26 na upana wake mita 13 na nusu. Sababu ni kwamba katika Kifaransa cha zamani neno hilo lilitajwa kwa umbo lolote lenye pembe zilizonyooka. Maana ya neno imehama, jina limebaki pale pale.

Hekalu hili limekuwa nyumba ya baraza la mji, makazi ya mtu binafsi, zizi la farasi, kanisa la watawa, ofisi ya kuhifadhia nyaraka, na mwishowe jumba la makumbusho. Kila zama ililipatia mwenyewe, na kila mwenyewe alilitia paa. Ndiyo maana limetufikia likiwa mojawapo ya mahekalu ya Kirumi yaliyosalimika zaidi duniani. Liliingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2023.

Lakini lilijengwa kwa heshima ya nani? Kwa karne nyingi hakuna aliyejua kwa hakika. Maandishi yaliyokuwa juu ya nguzo za mbele yalikuwa ya herufi za shaba, nazo zilikwisha kung'olewa zamani sana. Yaliyobaki ni matundu ya misumari iliyozishika. Mwaka 1758 mwanachuoni wa mji huo, Jean-François Séguier, aliyekuwa pia mtaalamu wa mimea, aliyachunguza matundu hayo, akayalinganisha na maumbo ya herufi za Kilatini, akayasoma. Akagundua kwamba hekalu lilitolewa kwa heshima ya Gayo na Lukio, wajukuu wa Kaisari Augusto, ambao Kaisari huyo alikuwa amewafanya wanawe. Vijana hao wote wawili walikufa kabla ya kumrithi.

Twamwomba msomaji aikumbuke kazi hiyo ya Séguier. Herufi zilikuwa zimetoweka, lakini mahali zilipokuwa zimekaa palibaki na alama. Mtu mwenye subira aliweza kuzisoma. Tutarudi kwenye jambo hili.

Uwanja uliogeuka mji

Kutoka Nîmes twaelekea kusini-mashariki hadi Arles, penye mto Rhône. Hapo upo uwanja mkubwa wa michezo uliojengwa na Warumi mwishoni mwa karne ya 1. Una umbo la yai, urefu wa mita 136 na upana wa mita 107, na safu mbili zenye matao 60 kila moja. Watazamaji 20,000 waliweza kuketi humo wakiangalia mapigano ya watu na wanyama.

Dola ya Kirumi ilipoanguka na barabara zikajaa hatari, watu wa Arles waliingia ndani ya uwanja huo kujificha. Waliziba matao, wakajenga minara minne, ambayo mitatu ingalipo, na humo ndani zikaota nyumba zaidi ya 200 pamoja na makanisa madogo mawili. Kwa karne nyingi watoto walizaliwa, wakakua na kuzeeka ndani ya uwanja wa michezo, na huenda wengi wao hawakuwaza kwamba ulikuwa uwanja. Nîmes nako uwanja kama huo ulikaliwa vivyo hivyo.

Kuanzia mwaka 1825 nyumba za Arles zilianza kununuliwa na kubomolewa ili uwanja uonekane tena kama Warumi walivyouacha. Mwaka 1830 ukafanyiwa sherehe ya mafahali. Sherehe hiyo ilikuwa ya nini? Ilikuwa ya kushangilia kutekwa kwa mji wa Algiers, ambao jeshi la Ufaransa liliuingia mwezi wa Julai mwaka huo huo. Basi siku ile jengo la Warumi, waliowahi kuitawala Gallia kwa upanga, lilishangilia kuanza kutawaliwa kwa nchi ya Kiafrika. Wageni wengi hupita hapo bila kuambiwa habari hii. Sisi twaona yafaa kukumbukwa.

Maji Mafu

Tukielekea magharibi kupitia mabwawa ya chumvi, twafika mji mdogo uliozungushiwa ukuta usiopungua mita 1,600, nao huitwa Aigues-Mortes. Mwanafunzi wa Kifaransa akiliona jina hili husita, kwa kuwa alifunzwa kwamba maji huitwa *eau*. *Aigues* ni neno la wapi, basi? Ni neno la lugha ya kusini, Kioksitani, ambayo maji kwayo ni *aiga*. Jina lote maana yake ni Maji Mafu, kwa ajili ya maji yaliyotuama mahali hapo.

Mfalme Louis wa 9 aliujenga mji huu katika karne ya 13 ili apate bandari yake mwenyewe katika bahari ya Kati. Kutoka hapo aliondoka mwaka 1248 kwenda kupigana Misri, na tena mwaka 1270 kwenda Tunis, alikofia. Baadaye mchanga uliijaza bandari, na leo bahari iko mbali na kuta.

Katika pembe moja ya mji upo mnara mnene uitwao Tour de Constance. Baada ya mwaka 1685, mfalme Louis wa 14 alipoifuta haki ya Waprotestanti ya kuabudu, mnara huo ulifanywa gereza. Mwaka 1730 alifungwa humo msichana aitwaye Marie Durand, ambaye ndugu yake alikuwa mchungaji. Ndugu huyo alinyongwa mwaka 1732. Marie angeweza kutoka laiti angekubali kuikana imani yake. Hakukubali. Alitoka mwaka 1768, baada ya miaka 38.

Katika chumba cha juu, kwenye ukingo wa mawe unaolizunguka tundu la sakafu, lipo neno moja lililochongwa, ambalo mapokeo humnasibisha nalo Marie: REGISTER. Maana yake ni kupinga, kutokubali kushindwa. Kifaransa cha shuleni kingeandika *résister*. Aliyelichonga neno hilo aliliandika kama lilivyotamkwa kwao. Mwalimu angeweza kulisahihisha kwa kalamu nyekundu, lakini neno hilo lina nguvu kuliko insha nyingi zilizoandikwa bila kosa.

Ngome iliyonusurika

Mwisho wa safari yetu ni Carcassonne, mbali zaidi upande wa magharibi. Juu ya kilima imekaa ngome yenye kuta mbili, moja ndani ya nyingine, zenye jumla ya kilomita 3 na minara 52. Wenyeji wana hadithi kwamba jina la mji latokana na mwanamke shujaa, Carcas, aliyepiga kengele baada ya kumshinda adui. Ni hadithi tamu, lakini mji ulikwisha kuitwa Carcaso tangu zama za Warumi. Nasi pia twazo hadithi za namna hiyo kuhusu majina ya miji yetu, na hadithi ya namna hiyo hutuonyesha jinsi watu walivyotaka kukumbukwa, hata pale isipokuwa kweli ya historia.

Mwaka 1209 majeshi kutoka kaskazini yalikuja kuwapiga Wakathari, watu ambao Kanisa liliwahesabu kuwa wazushi. Mji ulisalimu amri baada ya majuma mawili, na mtawala wake kijana, Raimond-Roger Trencavel, akafa kifungoni mwaka ule ule. Vita hivyo, vilivyokwisha mwaka 1229, viliifungulia serikali ya mfalme wa Ufaransa njia ya kuitawala nchi ya kusini.

Mwaka 1659 mpaka kati ya Ufaransa na Hispania ulisogezwa kusini, na ngome ikakosa kazi. Wajenzi wakaanza kuyachukua mawe yake, na wahenga walikwisha sema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Katikati ya karne ya 19 serikali yenyewe iliazimia kuziacha kuta zibomolewe. Mwenyeji mmoja, Jean-Pierre Cros-Mayrevieille, alipaza sauti. Akaungwa mkono na mwandishi Prosper Mérimée, aliyekuwa mkaguzi mkuu wa majengo ya kale tangu 1834. Mwaka 1850 uamuzi huo ukatenguliwa, na kuanzia 1853 msanifu Viollet-le-Duc akaanza kuitengeneza ngome. Wapo wanaomlaumu kwamba aliivika minara mapaa yaliyochongoka ya kaskazini, yasiyo ya nchi hiyo. Lakini bila wao leo pangekuwa na kilima kitupu.

Taarifa mbili za mwaka 1794

Sasa tumelijibu swali la kwanza: mawe yaliokolewa na matumizi, kisha yakaokolewa na watu waliosema. Je, lugha ya watu walioishi kati ya mawe hayo iliokolewa?

Kioksitani hakikuwa lugha ya wachungaji tu. Katika karne ya 12 malenga wake waliimba katika makasri, na sifa zao zikaenea Ulaya. Dante, malenga mkuu wa Italia, katika utenzi wake mashuhuri alimpa mmoja wao mistari aiseme kwa lugha yake mwenyewe. Neno lake la kuitikia ni *oc*, na kwa neno hilo nchi nzima ikaitwa Languedoc, lugha ya *oc*. Huko kaskazini waliitikia *oïl*, ambalo leo ni *oui*. Lakini mwaka 1539 mfalme François wa 1 aliamuru hati za sheria ziandikwe kwa Kifaransa, na Kioksitani kikaanza kutoka ofisini.

Pigo zito lilitoka kwa mtu mwema. Abbé Grégoire alikuwa kasisi aliyewatetea Wayahudi na aliyepinga utumwa wa watu weusi. Mwezi wa Agosti 1794 aliliarifu bunge la Mapinduzi juu ya uharibifu wa majengo na vitabu, na katika taarifa zake za wakati huo akaliingiza katika Kifaransa neno *vandalisme*, yaani ushenzi wa kuharibu vitu vya thamani. Lakini mwezi wa Juni wa mwaka huo huo, katika bunge hilo hilo, alikuwa amesoma taarifa nyingine, iliyohusu haja na njia za kuziangamiza lugha za mikoani ili Kifaransa kitawale kote. Alikadiria kwamba Wafaransa wasiopungua milioni 6 hawakukijua kabisa Kifaransa, na kwamba waliokisema vizuri hawakuzidi milioni 3. Mtu yule yule, katika muda wa miezi mitatu, alitaka mawe yahifadhiwe na lugha zifutwe. Hakuona kinyume. Aliamini kwamba asiyejua lugha ya sheria hawezi kuwa raia huru, wala hoja hiyo haikuwa ya kipumbavu. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba ili mtu ajifunze lugha ya pili sharti anyang'anywe ya kwanza.

Kazi iliyobaki ilifanywa na shule. Elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwaka 1881 na ya lazima mwaka 1882, mafunzo yalikuwa kwa Kifaransa. Katika shule nyingi mtoto aliyesikika akisema lugha ya mama yake alipewa kitu cha aibu akishike, mpaka amsikie mwenzake akikosea hivyo, naye amkabidhi. Kusini kitu hicho kiliitwa *senhal*, yaani alama. Desturi hii ilivuka bahari. Katika makoloni ya Ufaransa ya Afrika Magharibi iliitwa *symbole*. Huku kwetu, Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi shuleni Kenya mtoto aliyesema Kigikuyu alivyochapwa, au akavishwa kibao chenye maneno ya kumdhalilisha. Hapo msomaji ataona kwamba kabla ya kutufikia sisi, dawa hiyo chungu ilikuwa imekwisha kunyweshwa watoto wa Ulaya yenyewe.

Wapo waliopinga. Frédéric Mistral, aliyezaliwa mwaka 1830 kijijini Maillane karibu na Arles, aliunda pamoja na wenzake sita chama cha kuitetea lugha hiyo mwaka 1854. Alitunga tenzi, akakusanya kamusi kubwa, na mwaka 1904 akapewa tuzo ya Nobel. Fedha za tuzo hiyo alizitumia kulipatia jengo jumba la makumbusho alilolianzisha Arles, Museon Arlaten, ambamo aliweka mavazi, vyombo na zana za watu wa kawaida. Mwaka 1951 sheria iliruhusu Kioksitani kifundishwe shuleni. Mwaka 1979 ikafunguliwa huko Pau shule ya kwanza ya Calandreta, inayofundisha kwa lugha hiyo. Na mwaka 2008 katiba ikatamka kwamba lugha za mikoa ni sehemu ya urithi wa Ufaransa. Hata hivyo UNESCO imezihesabu lahaja zake kuwa lugha zilizo hatarini. Katika vijiji vingi kilichobaki ni majina: Castelnau badala ya Châteauneuf, *aigues* badala ya *eaux*. Ni matundu ya misumari tu, herufi zimekwisha kung'olewa.

Funzo kwa mwalimu

Ndugu walimu, ingekuwa rahisi kuimaliza habari hii kwa kuwalaumu Wafaransa na kujisifu. Lakini haki yatudai tujitazame pia. Kiswahili chetu kimekaa mahali pawili kwa wakati mmoja. Mbele ya Kifaransa na Kiingereza, mara nyingi ndicho kinachoambiwa kisubiri mlangoni. Lakini mbele ya lugha ndogo za majirani zetu, Kiswahili ndicho mkubwa, na mkubwa huweza kummeza mdogo bila kukusudia. Mwalimu anayemcheka mwanafunzi kwa sababu lafudhi ya kwao imeingia katika Kiswahili chake, huyo amekwisha kulishika *senhal* mkononi, hata kama hajamvisha mtu. Wahenga walisema: mwacha asili ni mtumwa. Basi tusiwe sisi tunaowafundisha watoto kuiacha.

Twapendekeza kazi moja, nayo haihitaji fedha. Kila mwalimu awatume wanafunzi wake kwa wazee wa mahali hapo, waulize majina ya vilima, mito, visima na mitaa, na kila jina lina maana gani na kwa lugha ipi. Wayaandike katika daftari moja la shule, jina kwa lugha ya wenyeji na maelezo kwa Kiswahili sanifu. Hivyo mwanafunzi atajifunza Kiswahili kwa kuitumikia lugha ya bibi yake, wala hatalazimika kuchagua moja kati ya mbili. Kazi hiyo ifanywe mapema, wakati ambapo wazee wanaoweza kujibu wangalipo. Séguier alihitaji subira na ujuzi mwingi kuyasoma matundu ya Nîmes. Sisi bado tunazo herufi zenyewe.